Foleni ya Sukari Kirumba: Kisa cha Mita Moja Iliyokosa Mwenyewe

Mwishoni mwa Aprili 2020, duka moja la jumla na rejareja lililo jirani na soko la Kirumba jijini Mwanza lilikuwa na sukari kidogo ndani, foleni ndefu nje, na maagizo mawili ya serikali ambayo hakuna aliyekuwa ameyaweka mezani pamoja. Agizo la kwanza lilitaka sukari iuzwe kwa bei isiyozidi bei elekezi iliyotangazwa kwa kila mkoa. La pili lilitaka wauzaji wazuie msongamano na wateja wasimame mbalimbali, angalau mita moja kati ya mtu na mtu, ili kupunguza maambukizi ya korona. Kila agizo lilikuwa na sababu yake nzuri. Yalipokutana kwenye dirisha la duka, la kwanza liliita watu na la pili likataka watu hao hao watawanyike, na kazi ya kuyapatanisha akaachiwa mwenye duka na kijana wake wa kupima.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu mjadala wa korona na biashara nchini Tanzania umezoea kuzunguka swali moja kubwa, kama nchi ilipaswa kufungwa au haikupaswa, na swali hilo limemeza mambo ya chini ambayo ndiyo yaliyoamua nani amekohoa karibu na nani. Jina la mwenye duka na la mtaa wake nimeyaacha, kwa kuwa sehemu ya yaliyotendeka hapo ilikuwa kinyume cha sheria.

Tukumbushane kwanza hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akiwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya hadhara, na vyuo vikafuata. Daladala zikatakiwa kubeba abiria kwa idadi ya viti, bila kusimamisha mtu. Masoko, maduka na nyumba za ibada havikufungwa, na Rais John Magufuli alieleza waziwazi kwamba watu waendelee kuchapa kazi. Kwa upande wa ununuzi wa kila siku, basi, sera ilibaki na vyombo vitatu tu: maji tiririka na sabuni mlangoni, tangazo la ukutani, na nasaha ya kukaa mbalimbali.

Maji tiririka yalishika. Baada ya muda mfupi ilikuwa shida kupata duka la maana Mwanza lisilo na ndoo yenye koki juu ya stuli, na mafundi wa kuchomelea wakapata kazi mpya ya kutengeneza stendi za kukanyagwa kwa mguu ili mteja asiguse koki. Umbali haukushika. Wapo walioeleza tofauti hiyo kwa ubishi wa wananchi, au kwa imani kwamba ugonjwa haupo, lakini watu hao hao wanaodaiwa kuwa wabishi walinawa mikono kwenye kila mlango kwa miezi kadhaa bila askari kuwasimamia. Kwa maoni yangu sababu ni ya kibiashara zaidi. Ndoo hulipiwa mara moja na huwekwa pembeni, na mwenye duka aliye nayo hupata hata sifa ya kujali. Mita moja inakula eneo, na eneo la biashara katika jiji hili lina mwenyewe mpaka hatua ya mwisho.

Hilo lina historia yake. Mwanza imejibana kati ya ziwa na vilima vya mawe, ardhi tambarare ni haba, na watu wanaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 700,000 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, ndizo zinazounda mji huu, na ile ya 2022 ikapata zaidi ya milioni 1.1. Desemba 2016, wamachinga wa jiji hili walipokuwa wakiondolewa katikati ya mji, Rais Magufuli aliagiza zoezi hilo lisimamishwe mpaka waandaliwe maeneo yanayofaa. Miaka miwili baadaye vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, na aliyekivaa shingoni alikuwa na haki ya kusema kwamba amelipia kukaa alipo. Makoroboi na mitaa ya jirani ikajaa meza zilizogusana. Machi 2020 ilipofika, halmashauri iliyotaka kupanua nafasi kati ya meza na meza ingelazimika kuchagua nani aondoke, wakati ahadi ya kisiasa iliyokuwa hai ilisema asiondolewe mtu. Mita moja mbele ya kila muuzaji ni meza nzima ya mtu mwingine. Haikushangaza kwamba nasaha ilibaki nasaha.

Duka letu la Kirumba halikuwa na tatizo la meza. Lina ukuta, bati na dirisha. Kama maduka mengi ya mitaani, mteja haingii ndani: husimama barazani, mbele ya dirisha lenye nondo na wavu, akaomba anachotaka, akapokea kupitia upenyo wa kaunta. Mpangilio huo ulitokana na hofu ya wezi, lakini kwa ugonjwa wa njia ya hewa ulikuwa mzuri kuliko wengi walivyotambua. Muuzaji ametengwa na wateja, wateja wako nje, na upepo wa ziwa unapita. Kipindi kile sifa zote zilikwenda kwa supamaketi zenye alama za miguu zilizobandikwa sakafuni na kitakasa mikono mlangoni, ingawa ndani yake watu walivuta hewa ile ile iliyofungiwa na viyoyozi. Ni Julai 2020, baada ya wanasayansi 239 kuandika barua ya wazi, ndipo Shirika la Afya Duniani lilipokiri kwa uzito zaidi kwamba maambukizi ya kupitia hewa ya ndani yanawezekana. Mwenye duka la dirisha alikuwa na nusu ya jibu bila kuambiwa. Nusu iliyobaki ilikuwa wateja wenyewe kwa wenyewe, bega kwa bega chini ya bati.

Hapo ndipo sukari inapoingia. Kila mwaka viwanda vya ndani husimama wakati wa mvua za masika kwa matengenezo, na pengo huzibwa kwa sukari ya nje. Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na uagizaji ulichelewa wakati biashara ya dunia imeyumba kwa korona. Mwezi wa Ramadhani ukaanza katika juma la mwisho la Aprili, na kila anayefuturisha anajua uji, tambi na kaimati zinavyokula sukari. Bei ikaruka. Serikali ikatangaza bei elekezi na kuonya kwamba atakayezidisha atachukuliwa hatua. Wenye mzigo wengi wakauficha, wengine wakafunga, na duka lililoonekana likipokea mifuko miwili mitatu lilipata foleni kabla kuli hajapangusa jasho.

Inafaa kuangalia kwa karibu jinsi sukari inavyouzwa hapo, kwa kuwa tangazo la bei liliandikwa na mtu anayefikiria kwa kilo. Mteja wa dirishani hununua robo au nusu, na mama lishe ndiye huchukua kilo. Mfuko wa kilo 50 ukiuzwa kwa kilo unahudumia watu 50. Ukiuzwa kwa robo, unaita watu 200, kila mmoja na salamu zake, zamu yake kwenye mizani, kufungiwa na chenji. Kwenye chenji ndiko foleni inakokwama. Bei ya kilo iliyopangwa kwa mamia haigawanyiki vizuri kwa nne: kilo ikiwa shilingi 2,700, kwa mfano, robo inakuwa shilingi 675, na hakuna anayetembea na sarafu za kutimiza hesabu hiyo, kwa kuwa ndogo inayozunguka ni ya 50. Mwenye duka akitoza 700, kilo imefika 2,800 na amevunja agizo. Akitoza 650, anapoteza kwenye bidhaa ambayo faida yake ni nyembamba tangu mwanzo. Njia ya kale ya kumpa mteja pipi au kiberiti badala ya chenji ilizua ubishi kila ilipotumika, maana wakati wa uhaba kila mtu ana macho makali, na kila ubishi wa dakika mbili dirishani ulikuwa dakika mbili za ziada kwa watu waliobanana nyuma ya mbishi. Watunga sera hawakukusudia hivyo, ila bei iliyotangazwa kwa kilo kwa watu wanaonunua robo iliongeza muda wa kusimama, na katika ugonjwa huu muda ni hatari sawa na ukaribu.

Mwenye duka akaweka kikomo: nusu kilo kwa mtu. Kikomo kilikuwa cha haki, kwa kuwa bila hicho watu wachache wenye fedha wangebeba mfuko mzima. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha utulivu. Familia inayohitaji kilo moja na nusu ilileta watu watatu, na watu waliokuwepo nyumbani kwa wingi kuliko wakati wowote walikuwa watoto, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa ili wasikusanyike. Mtoto wa darasa la nne aliyeondolewa kwenye dawati la watatu akajikuta kwenye foleni ya thelathini, noti imekunjwa kiganjani, akisukumwa na watu wazima. Sina namna ya kupima hatua hiyo iliongeza au ilipunguza maambukizi kiasi gani, lakini anayetathmini kufungwa kwa shule bila kuuliza watoto walikwenda wapi anapima nusu ya jambo. Katika miji yetu mtoto wa nyumbani ni mtu wa kutumwa, na anakotumwa kwanza ni dukani.

Jaribio la kwanza la kupanga umbali lilikuwa maneno, nalo lilishindwa kwa sababu za adabu zaidi ya ukaidi. Kijana wa dukani mwenye umri wa miaka ishirini na kitu hawezi kumwambia mama mtu mzima "sogea nyuma". Ataanza na "shikamoo mama", atasubiri "marahaba", ataulizwa habari za nyumbani, kisha ndipo aombe kwa upole kwamba mama arudi hatua mbili. Mama atarudi moja. Aliye nyuma yake ataona pengo na kuliingia, na mama, ambaye ameombwa asogee na sasa amepitwa, ana haki kabisa ya kukasirika. Katika foleni isiyo na alama, kuacha pengo ni kusalimisha nafasi, na watu walijibana ili kuilinda tu.

Jaribio la pili lilikuwa mistari ya chokaa, na hili lilikuwa zuri kwa sababu lilimwondolea kijana aibu: mstari ndio uliosema, yeye akabaki kuuonyesha kwa kidole. Mistari ilifanya kazi kwa siku zenye jua. Mvua ya masika ilipoanza, chokaa ilitiririka na watu wakakimbilia chini ya bati la baraza, ambalo halikujengwa kwa ajili ya watu thelathini waliotengana.

La tatu halikutoka kwa mwenye duka wala kwa afisa afya. Lilitoka kwa akina mama, nao walilitoa kwenye magati ya maji, ambako ndoo ndizo hupanga foleni huku wenyewe wamekaa kivulini wakichambua mboga. Mmoja aliweka kikapu chake chini mbele ya dirisha, akaweka jiwe dogo ndani kisipeperuke, akaenda kukaa upande wa pili wa njia. Wengine wakafuata: vikapu, vindoo, ndala moja ya kushoto ya mtu. Kila aliyehudumiwa alipoondoka, vikapu vilisogezwa na aliye karibu, na mwenye zamu akaitwa. Foleni ya vitu inaweza kubanana inavyotaka bila kumwambukiza mtu, na wenye vitu wakatawanyika wenyewe mpaka kwenye kivuli cha mti, ukutani kwa fundi cherehani, hata nyumbani kwa wanaokaa jirani. Kwa kadiri nilivyoelewa, hiyo ndiyo hatua pekee iliyoleta umbali wa kweli hapo kwa siku kadhaa mfululizo, na haikugharimu senti. Ilifaulu kwa kuwa ilitatua hofu halisi ya mnunuzi, yaani kupoteza zamu, jambo ambalo tangazo la ukutani halikuligusa. Hatua hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja: ilihitaji watu wanaojuana. Mteja mgeni aliyeshuka kwenye daladala kutoka Igoma kwa kusikia kwamba Kirumba kuna sukari hakuwa tayari kuacha kikapu na noti yake mikononi mwa desturi asiyoifahamu, naye alisimama dirishani, na akisimama mmoja husimama wote.

Mwenye duka kwa upande wake alifupisha muda. Usiku, duka likiwa limefungwa, yeye na kijana wake walipima sukari yote kwenye vifuko vya nusu na vya robo, wakaandika bei kwenye kipande cha boksi, na kuomba wateja waje na fedha kamili. Salamu zikabaki, mizani ikaondoka, na mteja mmoja aliyekuwa akichukua dakika mbili tatu akawa anamalizika haraka. Foleni ikapungua bila mtu yeyote kuambiwa asogee. Ningekuwa mshauri wa halmashauri, hatua hii ndiyo ningeisambaza kwanza. Ina gharama ya usingizi, na ina tatizo moja dogo, kwamba mteja haoni mizani na anaweza kushuku kipimo. Kijana alilazimika kuweka mizani kaunta na kumpimia upya yeyote aliyetaka.

Sasa tufike kwenye mlango wa nyuma. Wateja wa siku zote wa duka hilo, wenye daftari la mkopo na namba ya simu ya mwenye duka, hawakupanga foleni. Walipiga simu jioni, wakatuma fedha kwa simu, na asubuhi sukari ilifuatwa uani au ililetwa na bodaboda pamoja na mchele na mafuta. Bei waliyolipa ilizidi ile elekezi. Kuficha mzigo na kuuza juu ya bei lilikuwa kosa, na onyo la serikali lilisema hivyo. Lakini ukiliangalia kwa kipimo cha umbali peke yake, biashara ya uani ndiyo iliyokuwa salama kuliko zote: hakuna foleni, hakuna noti kupita mikononi, hakuna kukutana. Mnunuzi mwenye akiba, jokofu na jina kwenye daftari alinunua umbali pamoja na sukari yake. Asiye na hivyo aliupata umbali kwa bahati ya mvua kutonyesha. Hili ndilo jambo ambalo kisa hiki kinalionyesha wazi kuliko takwimu nyingi: kutokaribiana kulikuwa bidhaa sokoni, yenye bei, na wakati sera ilipodhibiti bei ya sukari bila kupanga namna ya kuigawa, malipo ya mnyonge yalihama kutoka mfukoni kwenda kwenye foleni.

Wengine watasema dawa ilikuwa kufunga, kama majirani zetu walivyofanya. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Uganda ilikwenda mbali zaidi: Rais Yoweri Museveni alisimamisha uuzaji wa bidhaa zisizo chakula masokoni, na wauzaji wa chakula wakatakiwa walale sokoni badala ya kurudi makwao, huku usafiri wa umma ukizuiwa. Rwanda ilifunga maduka na masoko isipokuwa yale ya mahitaji ya lazima. Ninaheshimu uamuzi wa kila nchi kulinda watu wake, lakini kwa upande wa ununuzi hatua za saa zina kasoro moja inayojulikana kwa kila muuza nyanya. Anayepata fedha jioni hununua jioni. Ukifupisha jioni, wanunuzi hawapungui. Wanabanwa ndani ya saa chache zilizobaki, wakati watu wote wanakimbilia nyumbani. Sidhani kwamba kufunga duka la Kirumba mapema kungeitawanya foleni ya sukari. Kungeihamishia mchana.

Kwenye fedha za simu, tofauti kati ya Kenya na Tanzania ina somo kubwa zaidi kuliko kwenye saa. Katikati ya Machi 2020 Kenya iliondoa ada za kutuma fedha kwa simu kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 za huko, hatua iliyomlenga mnunuzi mdogo kabisa. Tanzania ilichukua hatua Mei: Benki Kuu iliongeza kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Hatua hii ilimfaa mwenye duka la jumla anayelipia mzigo, na ilimfaa sana mfanyabiashara wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni ambaye wanunuzi wake wa nchi jirani hawakuweza tena kuvuka mpaka na kuja kuchagua gunia wenyewe. Yule wa robo ya sukari haikumgusa. Kwake kutuma shilingi 700 na kulipia ada juu yake ni hesabu isiyoingia akilini, hivyo aliendelea na noti, chenji na ubishi wake. Ningependa kuamini kwamba jambo hili lilijadiliwa mahali fulani kabla ya kuamuliwa.

Foleni ya sukari ilipungua mzigo wa nje ulipofika, kama foleni za uhaba zinavyopungua zote. Nasaha ya umbali nayo ilififia, kwa sababu nyingine. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa. Za mwisho zilizotangazwa zilifikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mapema Juni Rais alitangaza kwamba ugonjwa umeondoka, na shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Mwenye duka alikuwa akijaza ndoo yake kila asubuhi kwa sababu wateja walitarajia kuiona, na wateja walitarajia kuiona kwa sababu redio ilitaja idadi. Idadi ilipokatika, matarajio yalikatika, na ndoo ikarudi uani kuwekewa maji ya kuoshea vyombo. Kutofunga masoko ya chakula naweza kukutetea kwa nguvu zangu zote. Watu wanaonunua kwa siku hawana pa kuishi nje ya soko. Kukata taarifa siwezi kukutetea, hasa kwa sababu umbali ulikuwa umeachwa kwa hiari ya wananchi, na hiari bila habari haina cha kushikilia.

Jambo lilirudi mwaka uliofuata kwa sura nyingine. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan serikali ilibadili msimamo, nasaha za barakoa na kuepuka msongamano zikarejea, na tarehe 28 Julai 2021 Rais mwenyewe alichanjwa hadharani kuzindua chanjo. Katika mwezi huo huo, kuanzia tarehe 15, ilianza tozo mpya ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Malalamiko yakawa makubwa, na ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwenye dirisha la Kirumba matokeo yake yalikuwa ya papo hapo: hata wale wa mlango wa nyuma walianza kuja na noti. Wizara moja ilikuwa ikihimiza watu wasikaribiane, na nyingine ikifanya malipo ya mbali kuwa ghali kuliko ya mkono kwa mkono. Ni mgongano ule ule wa Aprili 2020, safari hii bila hata kisingizio cha ugeni wa ugonjwa.

Januari 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji, sukari iliadimika tena na bei elekezi zikatangazwa tena kwa jumla na rejareja. Zilikuwa kwa kilo. Hazikusema robo itauzwaje, wala kama serikali za mitaa zigawiwe mzigo kwa orodha ya kaya ili dirisha moja lisihudumie nusu ya kata, wala kama mzigo upimwe na kufungwa kabla haujafika kaunta. Mwenye duka wa Kirumba alipima vifuko vyake usiku kama alivyokwisha zoea, na wateja wakasimama bega kwa bega, kwa kuwa safari hiyo hakukuwa na aliyewaambia wasikaribiane.